Godoro la Chumba Namba Nne

Kirushya, Ngara
2 Mei 1995

Kaka Anatory,

Shikamoo. Huku hatujambo ila Mama, na ndiye aliyenifanya nishike kalamu. Barua hii nampa Pancras, dereva wenu. Amesimamisha lori hapa barabarani ananunua ndizi, na ameapa kukufikishia mkononi.

Mama ana vipele. Vilianza kiunoni, vikapanda mgongoni, sasa viko shingoni, vimejipanga mstari, vitatu vitatu. Unajua tangu avunjike kiuno hajigeuzi mwenyewe, kwa hiyo kinachomuuma kinamuuma kinavyotaka. Nikimuuliza anasema ni joto. Joto gani, kaka, na mvua hii? Juzi nikaona shuka lina vidoa vya damu, nikasema basi, kubahatisha kumetosha. Nikaamka alfajiri na tochi, nikapekua. Si viroboto, maana viroboto hupenda miguu na wanaruka. Si chawa, nimekagua mishono ya nguo zote humu ndani, na zangu zikiwemo. Kwenye kona ya kitanda nikamnasa mmoja, bapa, rangi ya kahawia, amevimba damu ya mama yetu. Nilipomponda alinuka mpaka nikatema mate. Ni kunguni.

Habari imeshatoka nje. Deodata, mwenyekiti wa jumuiya yetu, anao kwake. Anjelika, mwanajumuiya mwenzake, naye anao. Wamekaa wakakubaliana kwamba aliyewaleta ni Nkeshimana. Sikukuandikia habari zake, kwa hiyo jua leo. Ni mkimbizi, Mrundi kutoka Muyinga. Kambini alizika watoto wawili kwa kuharisha, katika wiki moja. Mumewe alivuka mpaka kurudi Burundi kumtafuta mama yake mzazi na hajaonekana tangu Januari. Mwezi wa tatu alikuja kupalilia maharage yetu apate chakula, akaanguka shambani, nikamwingiza ndani. Ana mimba, sasa ni miezi minane. Analala jikoni. Yeye ndiye anayenisaidia kumwosha Mama na kumgeuza. Amesema popote atajifungulia ila kambini.

Sasa wewe uko mjini, umeona mengi. Huko watu wanawaondoaje kunguni? Godoro ulilomletea Mama wakati wa Krismasi bado ndilo linaloupumzisha mgongo wake, Mungu akubariki kwa hilo. Wanajumuiya wote hulisifu, maana wakija kusali Jumamosi hukaa juu yake wamzunguke mgonjwa.

Mdogo wako,
Teddy


Biharamulo
7 Mei 1995

Mdogo wangu Teddy,

YAH: KUNGUNI NYUMBANI KWETU

Rejea barua yako ya tarehe 2. Nimeisoma na nimeielewa. Jambo hili halihitaji upelelezi wa tochi. Umeingiza mkimbizi ndani ya nyumba ya marehemu baba bila idhini yangu, na matokeo ndiyo hayo. Mimi ni karani wa malori yanayowapelekea chakula, nawaona kila siku, najua wanachobeba.

Kwa hiyo fanya kama ifuatavyo. Kwanza, huyo mwanamke aondoke ndani ya wiki moja, na nguo zake zichomwe. Pili, nimempa Pancras chupa ya dawa ya pamba. Huku wakulima wengi hunyunyizia vitanda na inaua kila kitu. Nyunyiza jikoni alipolala, kuta na sakafu, na usibanie. Tatu, godoro la Mama usiliguse. Usilianike, jua huharibu sponji. Usifumue foronya yake, ilishonwa na fundi na hutaweza kuirudisha. Godoro lile ni jipya na halihusiki.

Mimi ndiye mkubwa na jina la nyumba hiyo ni langu. Msalimie Mama, mwambie Krismasi nitakuja.

Kaka yako,
Anatory


Kirushya
13 Mei 1995

Kaka Anatory,

Shikamoo. Hatoki.

Nimeanza na hilo usije ukalitafuta huko chini. Chupa yako nimemrudishia Pancras ikiwa imefungwa kwenye mifuko miwili. Ina picha ya fuvu la kichwa, kaka. Jikoni ndiko tunakopikia uji wa Mama, na ndiko anakolala mwanamke mwenye mimba ya miezi minane. Kama wakulima wa huko wanalala juu ya dawa ya pamba, wape pole zangu.

Hata hivyo neno lako nililipa nafasi yake, usiseme mimi mkaidi tu. Nilimwambia Nkeshimana atoe vitu vyake nje nivikague. Vilikuwa mkeka, kanga mbili, sweta moja na sufuria. Nilikung'uta, nikapindua pindo, nikaugeuza mkeka nikaupitisha kwenye moto wa nyasi. Sikuona hata yai. Yeye alisimama pembeni ameshika kiuno, akasema kwa Kirundi, na Kirundi kwetu sisi Wahangaza si kigeni, "Tafuta vizuri, dada. Hata mimi ningetafuta." Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tangu nizaliwe, na ninakuandikia uijue.

Halafu nikatembea nyumba kwa nyumba nikiuliza nani anaumwa. Ni nyumba saba, na zote ni za wanajumuiya. Jirani ambao hawasali na sisi hawana hata mmoja. Nkeshimana hajakanyaga kwa Deodata, kwa sababu Deodata hamruhusu hata uani. Kunguni hawana mabawa. Nieleze walifikaje kule.

Deodata hataki hesabu hiyo. Alisema mbele ya watu kwamba mimi nimeloga akili yangu kwa huruma. Nikamjibu kwamba akili yangu naijua, na ndiyo inayomhesabia sadaka kila Jumamosi.

Wewe pia, kabla hujasema "nawaona kila siku", kumbuka bila hao watu ungekuwa hapa na jembe kama mimi. Unakula kwa ajili yao, halafu mmoja akilala jikoni kwetu unataka nimnyunyizie dawa.

Teddy


Biharamulo
17 Mei 1995

Teddy,

Sitajibizana na mwanamke kwa barua. Mimi kama mkuu wa familia nimemwandikia Balozi Gidioni wa nyumba kumi kwamba nyumbani kwetu yumo mkimbizi asiye na kibali anayeeneza wadudu. Atamchukua Jumamosi tarehe 3 Juni na kumkabidhi kambini. Kuanzia hapo shauri hili limefungwa.

Narudia, godoro usilifumue.

Anatory


Kirushya
20 Mei 1995

Bi Mwanaharusi,

Shikamoo. Hunijui. Mimi ni Teddy, mdogo wake Anatory, yule karani wa malori hapo Biharamulo. Pancras ndiye aliyenielekeza kwako. Anasema nyumba yako ya wageni iko mkabala na uwanja wao wa malori.

Nakuandikia kuhusu godoro. Kaka yangu alimletea mama yetu mgonjwa godoro, akasema ni la dukani. Sasa nyumba saba za jumuiya yetu, inayosali kwetu kila Jumamosi, zina kunguni, na lawama amebebeshwa mkimbizi mmoja niliyempokea. Kaka ameniandikia mara mbili nisifumue foronya. Mtu akikukataza mara mbili kitu ambacho hujakiuliza, unatafuta wembe. Nilisubiri Mama akiwa nje anaota jua, nikafumua.

Chini ya kitambaa kipya cha mistari kuna kitambaa kingine, kikuukuu, kina madoa. Kwenye pindo wamejaa, wakubwa kwa wadogo, na mayai meupe kama chembe za sukari, na vidoa vyeusi kama mtu amechovya kalamu akagusa gusa. Pembeni pameandikwa kwa rangi ya bluu: MWANAHARUSI NA. 4. Pancras alipoyaona maandishi alicheka, halafu akaacha kucheka. Akasema, "Dada Teddy, mimi nimewahi kulalia hili."

Naomba uniambie ukweli bila kunihurumia. Godoro ni lako? Lilitokaje kwako? Na wadudu hawa wanaondokaje? Nina mpaka tarehe 3 Juni. Siku hiyo wanamchukua huyo mwanamke, naye anakaribia kujifungua.

Samahani kwa usumbufu.
Teddy


Biharamulo
24 Mei 1995

Mwanangu Teddy,

Marahaba. Barua yako imenifika salama, na nimeisoma mara tatu, mara ya tatu kwa hasira.

Godoro ni langu. Tangu malori ya wakimbizi yaanze kupita hapa, wageni ni wengi kuliko vitanda, na kila dereva huja na mizigo yake na wadudu wake. Marehemu baba yangu alikuja bara na duka la nguo, akajenga vyumba sita, na mimi nimepigana na kunguni tangu nikiwa mwali, kwa hiyo usinione nasema kwa kusikia. Chumba namba nne kilinishinda mwezi wa Desemba. Godoro nikalitoa nje lichomwe. Kaka yako akapita, akasema, "Bi Mwanaharusi, nipe mimi, nitalichoma kule uwanjani pamoja na magunia." Nikamwambia, tena mbele ya mpishi wangu Swabaha, "Baba, hili lina kunguni, lisilale mtu." Akasema, "Nimesikia, mama." Wallahi hayo ndiyo maneno yetu, sikuongeza wala sikupunguza. Kumbe alikwenda nalo kwa fundi cherehani.

Sasa nisikilize. Kuua kunguni si dawa, ni kazi na ukaidi. Wewe ukaidi unao, nimeuona kwenye mwandiko wako.

Dawa ya pamba, Pancras amenisimulia, umefanya vyema kuikataa. Nilikuwa na mgeni aliyejipulizia chumbani kwa siri, tukamkuta anatokwa na povu, akaponea chupuchupu. Mafuta ya taa nayo usimwage kitandani, wewe unawasha koroboi, utaichoma nyumba na Mama yako ndani.

Kitanda kitoe nje ukifungue vipande vyote. Chemsha maji, yachemke kweli kweli, umimine kwenye kila tundu na kila kiungo. Nguo, shuka, vitenge vya kusalia, mablanketi, vyote vichemshwe, hata vile unavyoviona visafi. Nyufa za ukuta ziba kwa udongo. Kitanda kikirudi kisiguse ukuta, na kila mguu usimame ndani ya kopo la maji. Baada ya siku kumi urudie yote, kwa sababu mayai hayasikii maji ya kwanza na wanaoanguliwa watakuona mjinga. Kisha urudie tena.

Na nyumba zote saba zifanye siku moja. Ukifanya peke yako, Jumamosi watarudi na jirani. Godoro lichome, usiligawe, hata akija mtu kukulilia.

Ukitaka kunitaja mbele ya watu wenu, nitaje. Mimi ni Mwislamu na sijui taratibu za jumuiya yenu, lakini kweli haina dini. Huyo binti akijifungua unijulishe. Nimempa Pancras kanga mbili na sabuni ya mche kwa ajili yake, na hizo kanga nimezichemsha.

Mwanaharusi


Kirushya
26 Mei 1995

Kaka Anatory,

Shikamoo naiweka kwa sababu Mama alitufundisha, si kwa sababu nimeisikia moyoni.

Nimefumua. Nimesoma namba nne. Bi Mwanaharusi ameniandikia kila kitu, na maneno uliyomjibu. "Nimesikia, mama."

Ningekusamehe umaskini. Kama ungesema, Teddy, sina godoro jipya, nimepata hili, lina wadudu, chemsha hiki na kile, ningekusifu mpaka leo. Ningekusamehe hata majivuno. Lakini mimi nilikuuliza kwa barua mama yetu anaumwa na nini, nawe ukijua jibu ukanitumia sumu nimnyunyizie mtu mwingine. Hapo sijui nikuite nani.

Nataka barua moja. Iandikwe kwa jumuiya yetu na kwa Balozi Gidioni, mistari mitano inatosha, useme kunguni wametoka kwenye godoro lako, ulijua, na Nkeshimana hana kosa. Ifike kabla ya Jumamosi tarehe 3. Isipofika, nitasimama nisome ya Bi Mwanaharusi, yote, mpaka mahali palipoandikwa fundi cherehani.

Mama hajui. Nimemwambia godoro limetolewa likaushwe.

Teddy


Biharamulo
30 Mei 1995

Mdogo wangu mpendwa Teddy,

Nakuomba usifanye hivyo. Ninaandika nikiwa ofisini na mlango nimeufunga.

Wewe hujui ilivyokuwa. Nilimwahidi Mama godoro mbele ya watu siku ya msiba wa baba. Mwaka mzima kila aliyetoka huko alinisalimia kwa kuniuliza godoro. Nilipoliona lile limetupwa nikaona Mungu amenisitiri. Nilidhani foronya mpya ingewafungia humo wafe. Nilidhani hivyo kweli. Halafu ukaandika kwamba yumo mkimbizi, na kila mtu ameshasema ni yeye, nami nikaona lawama imeshapata pa kukaa.

Fikiria vizuri. Yule ni mgeni. Akienda kambini atapewa turubai, chakula na mkunga, nami nitahakikisha mwenyewe jina lake limeandikwa. Baada ya mwezi mmoja hakuna atakayemkumbuka. Mimi sina kwetu kwingine ila hapo. Ukisoma barua ile nitarudije? Nitakaa wapi kanisani?

Zaidi ya yote Mama asijue, tafadhali. Itamuua.

Kaka yako,
Anatory


Kirushya
11 Juni 1995

Anatory, mwanangu,

Ni mimi mama yako. Ninasema kwa Kihangaza, Teddy anaandika kwa Kiswahili. Nimemwambia asipunguze kitu, na atanisomea kabla sijaweka dole gumba.

Barua yako Teddy aliniletea na kunisomea mpaka mwisho. Umeandika kwamba nikijua nitakufa. Nilijua tangu Januari. Kunguni wa kwanza nilimponda hata sikukuu hazijasahaulika. Mtu asiyejigeuza anajua kitanda chake kuliko fundi aliyekitengeneza. Nilisikia wanatoka wapi na wanarudi wapi. Niliwaponda kwa kidole nikapaka damu ukutani, upande ambao Teddy hauoni, na wanajumuiya walipolisifu godoro nami nililisifu. Nilisema moyoni, mwanangu hakujua, wamemuuzia vibaya, nisimwaibishe.

Hilo ni kosa langu na nimeliungama. Waliposema ni Nkeshimana nilinyamaza, na asubuhi ile ile alikuwa ameniosha miguu. Nilimtoa kafara mtoto wa mwenzangu nikustahi wewe. Sasa nasikia kwamba ulijua. Basi tulikuwa wawili, wewe Biharamulo na mimi kitandani, tumemwekea mjamzito mzigo wetu.

Jumamosi ile ya tarehe 3 walikuja wote. Teddy alisimama na barua ya yule mama wa gesti mkononi. Nikamwambia keti. Nikasema mwenyewe, "Deodata, kunguni walioko kwako ni wa mwanangu Anatory. Umewachukua hapa kwangu, kwa kukaa ulipokaa, nami nilikuona na sikusema." Deodata alitazama kitenge chake. Anjelika akaanza kulia. Niliwaambia wasilie, waende wakachemshe maji.

Balozi Gidioni alifika na karatasi yako. Nikamuuliza mwenye nyumba hii ni nani. Akasema, "Kaka yake Teddy ameandika kwamba ni yeye." Nikamwambia huyo hajalala hapa usiku hata mmoja tangu baba yake azikwe. Mwenye nyumba ni anayeumwa ndani yake. Kama anataka kumchukua Nkeshimana, anibebe mimi kwanza, mgongo wangu na kiuno changu, anipandishe kwenye lori, aeleze kambini kabila langu.  Balozi akaikunja karatasi, akamwomba Teddy amtajie jina la mgeni wangu vizuri aliandike kwenye daftari lake.

Jumatatu nyumba zote saba zilitoa vitanda nje. Maji yalichemka kutwa. Deodata alikuja kwa Nkeshimana na sufuria yake kubwa, hakusema samahani, alisema, "Hii inachemsha haraka." Tutarudia wiki hii, na tutarudia tena. Godoro niliomba nibebwe nje, niliwashe mwenyewe. Kiberiti kilikataa mara mbili kwa ajili ya unyevu, cha tatu kikakubali. Sasa nalala juu ya nyasi na mkeka. Mgongo unauma sana, lakini usingizi ninao.

Nkeshimana alijifungua Jumanne, hapa hapa. Ni msichana, analia kwa nguvu. Teddy ndiye aliyempokea. Nimelala naye ubavuni wakati mama yake anapumzika, nimemkagua shingo na mgongo, hana alama hata moja.

Usinitumie godoro lingine. Usinitumie kitu. Njoo wewe, na usingoje Krismasi. Watu watakuangalia, nawe utavumilia, kama yeye alivyovumilia. Ukifika mlangoni usianze na mimi kama ulivyozoea. Mtafute Nkeshimana popote alipo, hata kama yuko shambani, umsalimie kwanza na kumwambia ulichofanya. Mimi nitasubiri ndani.

Mama yako,
Bonifasia
(dole gumba)